Joto la Kwapa

Kwa miaka kumi na tisa, mtunza wanyama wa maabara alisifika kwa mikono yake. Wenzake walimwita Mkunga, kwa jinsi alivyombeba panya kama mtoto mchanga. Jina lilimkaa, naye alilipenda.

Asubuhi ile binti mtafiti aliingia chumba cha baridi macho mekundu.

"Shikamoo, mzee. Dawa yangu imekataa."

"Marahaba, mwanangu. Imekataaje?"

"Si nilikueleza? Adenosini, kemikali ya usingizi, ikikolea ubongoni, mwili unapunguza moto wake, na panya hawa wa nchi za baridi hulala miezi yote ya kipupwe. Dawa ilikuwa iufanye ubongo uisikie zaidi. Sasa ona: panya sita niliowapa maji matupu wamelala. Sita niliowapa dawa wanaamka kila wiki, wamekonda. Kesho namwambia profesa tufunge kazi."

Mkunga hakujua panya yupi alipewa nini. Alichojua ni kwamba kila Ijumaa aliwapapasa wote, na waliokuwa baridi kama jiwe, moyo ukidunda mara moja moja, walimtia hofu. Akawaweka kwapani mmoja mmoja mpaka sharubu zicheze, ndipo akawarudisha kwenye viota vyao. Kisha kwenye fomu akaandika: Hawajaguswa. Fomu ileile aliyowafundisha wafanyakazi wapya kuijaza.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua?

"Si dawa," alisema, macho sakafuni. "Ni mimi. Niliwapasha joto. Niliwaonea huruma."

Binti alifungua daftari lake. "Wangapi?"

"Sita."

"Uliwachaguaje?"

"Waliokuwa baridi kuliko wenzao."

Alimtajia namba zao zote bila kukosea. Binti alifuata kwa kidole kwenye daftari lake, moja baada ya nyingine, mpaka kidole kikasimama.

"Wote sita ni wa dawa. Basi ilifanya kazi," alisema polepole. "Ilifanya kazi, mzee, wewe ukawaamsha. Siwezi kuthibitisha mpaka msimu ujao, lakini sifungi." Akamsogezea zile fomu na kalamu. "Kwa nini hukuandika?"

"Wangesema Mkunga hajui kazi."

Mfagiaji alichungulia mlangoni. "Mkunga, leo umezalisha wangapi?"

Siku zote alikuwa na jibu la kuchekesha. Leo aliinama mezani, akakata neno la Ijumaa ya kwanza, akaandika juu yake: Nimewagusa. Akatia sahihi. Zilibaki Ijumaa kumi na moja, na binti hakuondoka.