Milioni Moja na Moja

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyokataa kufuta hesabu yangu. Nilikuwa msichana wa sekondari hapa Korogwe, mwembamba na mwenye mdomo. Wembamba umekwisha, mdomo ninao bado.

Mwalimu wetu wa hesabu aliandika ubaoni 1,000,001, akasema hiyo ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Alikuwa amejaribu kuigawa kwa mbili, tatu, tano, saba, akaenda hivyo hivyo hadi tisini na saba. "Namba tasa zote za chini ya mia nimezimaliza," alisema. "Inatosha."

Inatosha kwa nani? Mimi haikunitosha. Jioni nilikuwa Makuyuni shambani kwetu nikilinda mahindi, maana ngedere hawana likizo. Nikaokota kijiti, nikaandika chini kwenye vumbi. Namba tasa inayofuata tisini na saba ni mia moja na moja. Nikagawa kwa hiyo. Ikaisha bila baki, jibu elfu tisa mia tisa na moja. Nikarudia nikidhani nimekosea, ikaisha tena. Nilipiga vigelegele peke yangu, na nyuma yangu ngedere wakavuna mstari mzima. Mama alinisema sana, na haki alikuwa nayo.

Asubuhi nikainuka darasani, nikaandika ile hesabu ubaoni na kupaza sauti: "Mwalimu, si tasa hii!" Darasa likacheka. Mwalimu hata hakuitazama hesabu. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda Handeni kwenye mashindano ya shule, na mama alishanishonea sketi mpya ya safari.

"Futa, uniombe radhi," akasema. "La sivyo Handeni huendi."

Sikufuta. Nilirudi nyumbani na hasira zangu, nikamsimulia mama yote.

"Umempazia sauti mtu mzima," mama akaniambia. "Kamwombe radhi."

"Na namba je?"

"Namba mimi siijui. Umeihakiki?"

"Mara mbili, mama."

"Basi radhi ni ya sauti."

Kesho yake nikamfuata. "Shikamoo, mwalimu. Naomba radhi kwa kukupazia sauti."

"Marahaba. Na hesabu yako?"

"Inagawanyika kwa mia moja na moja, mwalimu. Siifuti."

Akachukua dasta, akaifuta mwenyewe. Gari la Handeni likaondoka mimi nimesimama getini na sketi yangu mpya. Nililia, sitakudanganya. Iliniuma, na hadi leo inaniuma kidogo.

Lakini simu unayo mkononi. Zidisha 101 kwa 9,901 sasa hivi. Umeona? Ilikuwa hivyo kabla mwalimu hajazaliwa, na itabaki hivyo mimi nikishazikwa. Dasta lilifuta chaki tu.

Basi nisikilize, mwanangu. Mtu mzima mwamkie, sauti ishushe, na ukikosa adabu omba radhi bila kuona haya. Ila kitu ulichokihakiki kwa mkono wako usikifute eti kwa sababu umetishiwa kunyimwa safari. Acha gari liondoke. Na siku wewe ndiye mwenye chaki, usiseme inatosha kabla hujajaribu namba inayofuata.

Mwenyezi Mungu akujalie sauti ya chini, macho ya kuhakiki mara mbili, na mkono usioshika dasta kwa woga. Amina.