Etazheri Yenye Ilikataa Mulango

Wakati yetu ku Panda, mu kamp ya batumikaji, nyumba haukuichagula weye. Tumbo ya mama njo ilikuwa inachagula. Batoto banne, vyumba mbili. Wa tano akilia tu, kompanyi inakuambia: beba bintu, hama ku nyumba kubwa. Benye tulikomaa nabo munajua, na ile sirene ya kiwanda yenye ilikuwa inatulamusha kama jogoo ya kikohozi.

Mama alikuwa na masahani ya chuma ya emaye ya ndoa yake, ya maua mekundu. Ilikuwa inalala chini ya kitanda na viatu vya baba. Kila siku, na sauti ya puani: "Baba Ilunga, masahani yangu inanuka miguu yako!" Baba akachoka. Akakusanya mbao za makasha, akapigilia etazheri, rafu ya kupanga masahani, mule mule mu nyumba, kutoka chini mpaka ku dari. Jirani yetu Mama Odile akakuja kuomba chumvi mara tatu, juu ya kuiangalia tu.

Halafu mutoto wa tano akazaliwa. Balituambia tuhame siku ya samedi. Jamaa ingine inaingia saa sita. Etazheri ikafika ku mulango, ikakataa. Baba akaigeuza, ikakataa. Alipima ukuta, alipima dari, mulango aliisahabu! Mama Odile, mikono ku kiuno, sauti ya asali: "Ah, mama, muiache tu. Benye banakuja batafurahi sana."

Mama akaikala chini, masahani ku magoti. "Miye sitoke. Batanikuta hapa, batanipanga na masahani."

"Leteni musumeno," baba akanguruma.

Akaikata. Mama alifunga macho kama banamukata kidole. Ikatoka makasha tano. Baba akayaangalia, akatuangalia shiye. "Kila mutoto na yake!" Tukatembea na makasha ku kichwa. Ya mudogo baba aliibeba yeye, mutoto ndani. Mama nyuma, anaimba ya kanisa kwa nguvu yote mbele ya Mama Odile. Kule kupya baba akatoboa matundu, akaunganisha na bulon za kukaza na kulegeza. Kutoka siku ile, mama akianza kutapika asubuhi, baba anaenda kutafuta mbao. Tulifika makasha nane.

Juzi mujikulu wangu Gracia akaniwekea telefone ku pua, picha ya etazheri ya ku duka: "Kambo, regarde! Ni modulaire! Unaongeza, unapunguza, comme tu veux, vile unapenda! Ni ya kisasa!" Ya kisasa! Baba yangu aliianza na musumeno na kasirani. Nikamuuliza kama alipima mulango. Akacheka tu. Bo, vijana ba leo, hata ukuta banapima na telefone.

Kila mumoja wetu akipata nyumba yake, alienda na kasha yake: Kolwezi, Lubumbashi, mumoja kwa bavuvi ku ziwa Tshangalele. Yangu iko chini ya dirisha, matundu ya bulon wazi. Baba alituonyesha namna ya kupita mu mulango. Namna ya kurudi pamoja, hapana.