Mkono Mmoja na Nusu: Kutafuta Cherehani ya Mifarishi kutoka Changamwe hadi Likoni

Nilitoka Voi kwa sababu ya vidole vya mdogo wangu, Wakesho. Miaka yote ambayo mimi nimekuwa nikihama, mara Kitale, mara Malindi, mara Taveta, yeye amebaki nyumbani akishona mifarishi kwa sindano ya mkono: vitambaa viwili, pamba katikati, na ua kubwa lililoshonwa palepale kifuani pa mfarishi. Mwaka huu vidole vikaanza kumsumbua. Alisema ni baridi tu. Lakini mfarishi uliokuwa ukimchukua wiki mbili ukawa wamchukua miezi miwili, na wateja wakaanza kuulizia kwingine.

Tukakubaliana tutafute cherehani ya mkono mrefu. Hiyo haifanani na ya kushonea magauni. Mfarishi hutandazwa kwenye fremu, na mshonaji husimama akiisukuma cherehani juu yake, mbele, nyuma, ubavuni, na kila anapomaliza sehemu huuviringisha kwenye mti wa nyuma. Mpya hatungeiweza. Tulisikia kuna mbili zilizotumika, moja Changamwe, nyingine Ziwa la Ng'ombe upande wa Kisauni. Tungeweza kununua moja tu, na cherehani kuukuu ukishaibeba hairudishwi.

Wakesho alikataa kwenda. "Wewe ndiye mtembezi," akasema. Asubuhi ya kuondoka alinipa sharti moja tu. "Ua lisikatike katikati, lishonwe lote kabla ya mfarishi kuviringishwa. Nimepima nafasi inayotakiwa chini ya mkono wa cherehani pamoja na unene wa mfarishi ukiviringishwa. Mkono mmoja na nusu. Usishuke hapo."

"Umepima kwa futi kamba?"

"Mama alipima kwa futi kamba gani?"

Mkono ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, kila mtu anajua. Nikaandika kwenye daftari, nikapiga mstari chini yake.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda lori la vitunguu la Mwadime, jirani yetu, ambaye hupeleka mzigo Kongowea kila wiki. Aliniambia kabla sijafunga mlango, "Kesho saa saba mchana nageuza. Ukiwa na cherehani nageuza, ukiwa huna nageuza."

Njia nzima, Maungu, Taru, Samburu, Mariakani, sikuona kitu. Nilikuwa najipima mkono mapajani. Mwadime alicheka akasema nafanana na mtu anayetafuta upele. Sikucheka. Katika maisha yangu nimechagua vitu vingi vibaya, nyumba, kazi, hata miji, na kila mara niliondoka tu. Safari hii kitakachochaguliwa kitabaki na Wakesho, si na mimi.

Saa nne unusu niliteremka Changamwe. Hapo ndipo tulipozaliwa, baba alipokuwa kibarua wa magodauni. Nilitamani kupita kwenye mstari wa nyumba tulizokaa, nione kama bomba la maji lingali mbele ya mlango wetu. Nilifika pembeni nikaona ghorofa tano na nguo za watu nisiowajua zimeanikwa. Nikageuka.

Muuzaji alikuwa Njoroge, kijana wa bara mwenye maneno mengi, na godauni lake lilijaa mashine zilizoshuka na makontena. Cherehani ilikuwa nyeupe, ina kioo cha kuonyesha mishono.

"Madam, hii ukiiwashia stima inajishonea. Wewe unakunywa tu chai."

"Na stima ikipotea?"

"Unakunywa chai nyingi."

Nililaza mkono wangu chini ya mkono wa cherehani. Mmoja na nusu, barabara kabisa. Moyo ukatulia. Kisha nikaishika nisukume, na ikaenda kama kabati. Tena, ili sindano ipige, ilibidi kubana kitu kama breki ya baiskeli chini ya vishikio, na ukiachia inasimama. Baada ya mistari mitatu viganja viliniuma.

"Itakuzoea," Njoroge akasema. "Ama wewe utaizoea."

Nilimwambia nitarudi kesho saa nne asubuhi.

Saa tisa alasiri nilikuwa Ziwa la Ng'ombe, kwa Fundi Charo, mtu mzima wa Kaloleni ambaye aliipata yake baada ya warsha ya mapazia kufungwa. Haikuwa na kioo. Rangi imebanduka, na mkono wake umefungwa utepe mweusi mahali fulani. Akaniwashia kwa swichi, akaniambia niachie vidole.

"Vyote?"

"Vyote. Isukume kwa kifundo, kama unavyosukuma mlango ukiwa na sahani."

Ilielea. Sina neno jingine. Nikageuza kitambaa niangalie upande wa chini, maana huko ndiko uzi wa bobini husema ukweli, na mshono ulikuwa umekaza pande zote mbili. Nikaanza kufurahi. Kisha nikalaza mkono. Mmoja, na nusu haikutimia. Ilipungua zaidi ya upana wa kiganja.

"Dada, kunja basi vidole kidogo," Charo akanitania. "Wanipima kama wauza kanzu."

"Nimeambiwa nisishuke."

"Haya. Kesho kabla ya saa sita kuna mtu wa Mtwapa yuaja kuiona. Kama huitaki, niambie nimwachie."

Niliisukuma mara moja tena, nikaiachia. Kisha nikasema, "Mwachie."

Jioni nilivuka feri mpaka Timbwani, Likoni, kwa Bi Rukia, mama wa rafiki yangu wa shule, ambaye nimekuwa nikifikia kwake tangu usichana. Nilikula, nikalala vibaya. Mara nilijiona nimempelekea Wakesho kabati. Mara nimempelekea cherehani inayokata ua lake katikati.

Asubuhi Bi Rukia aliniwekea mkate wa mofa na chai ya tangawizi. Ujanani mwake alikuwa akishona mifarishi ya maharusi, kwa hiyo nilimweleza yote, mpaka mkono mmoja na nusu.

"Mkono upi, mwanangu? Kamili au konde?"

"Konde ndiyo nini?"

"Yallah! Huko skuli mlifunzwa nini nyinyi?" Akaukunja mkono wake wa kulia. "Dhiraa kamili yafika kwenye ncha ya kidole. Dhiraa konde yaishia hapa kwenye ngumi. Wauza nguo wachoyo ndio wakitupimia konde."

"Wakesho si mchoyo."

"Sikusema mchoyo. Mimi mwaka niliopata baridi yabisi nilimpimia mtu pazia, wallahi nilijua nimepima kamili. Likaja likaning'inia juu ya dirisha kama aproni. Vidole vilikuwa vimejikunja, nami nimeshazoea, sivioni." Akanitazama. "Huyo mdogo wako, vidole vyake vyanyooka?"

Nilifungua kinywa niseme ndiyo. Nikakumbuka kikombe anachokishika kwa mikono yote miwili. Nikakumbuka kwamba asubuhi ya kuondoka hakunipungia. Aliinua kidevu tu. Nilikuwa nimekaa naye miezi minne.

Nilipiga simu. "Umeshanunua?" ndilo neno lake la kwanza.

"Bado. Wakesho, ulipopima, vidole vilinyooka?"

Kwenye simu nilisikia kuku wetu.

"Nyoosha sasa hivi uniambie."

"Dada, wewe nunua tu."

"Nyoosha."

"Havinyooki." Kisha, polepole, "Tangu masika. Nilidhani ukijua utasema tuache, kazi imekwisha."

Nilitaka kumwambia nisingesema hivyo. Sikuwa na hakika. Nikamwomba achukue futi kamba, apime kutoka kiwiko mpaka pale mkono wake unapoishia. Inchi kumi na nne na nusu. Nilipiga hesabu pembeni ya daftari: mmoja na nusu wa Wakesho ni inchi ishirini na mbili kasoro kidogo. Ya Charo, yeye mwenyewe alikuwa ameniambia, ni ishirini na mbili.

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Charo hakushika simu, na saa nne ya Njoroge nikaiacha. Bi Rukia alinisukuma mlangoni, "Nenda, nenda, chai hutanywa tena," na nikaenda nusu mbio mpaka kwenye feri. Niliikuta imejaa na mlango wake unafungwa. Ile nyingine ilikuwa ng'ambo, haina haraka. Nilisimama kwenye kundi la watu nikiwa nimeshika simu kama mtu anayesubiri habari za hospitali.

Saa tano na robo nilifika Ziwa la Ng'ombe. Mtu wa Mtwapa alikuwa ameshafika. Mwanamume mnene wa makamo, mshona mapazia, amesimama kwenye fremu akiisukuma cherehani yangu.

"Jana si ulisema nimwachie?" Charo akasema, bila ukali.

"Nilisema. Nilikosea kupima."

Mtu wa Mtwapa hakugeuka. "Mama, aliyewahi ndiye mnunuzi."

Nikamwomba tu anipishe nishone mstari mmoja. Nilikunja vidole vyote ndani, nikaisukuma kwa vifundo vya mikono, ngumi zimefungwa. Ilikwenda, ikarudi, ikazunguka.

"Mbona washona na ngumi?" akaniuliza.

"Mdogo wangu ndivyo atakavyoshona. Vidole vyake havifunguki tena."

Aliangalia ngumi zangu, akaangalia viganja vyake vipana. Nami nikaona nilichopaswa kuona mapema. "Wewe una nguvu," nikamwambia. "Changamwe kuna nyingine. Nzito, lakini mkono wake ni mrefu kuliko huu, pazia lolote litapita. Mimi mwenyewe nimeipima."

"Kamili au konde?"

"Kamili," nikamjibu, na Charo akaangua kicheko kwa niaba yetu sote.

Alichukua namba ya Njoroge. Hakuahidi lolote. Lakini alitoka nyuma ya fremu.

Nikamlipa Charo, tukaifungua vipande. Hamali mmoja aliviweka kwenye mkokoteni, kichwa cha cherehani kimeviringishwa ndani ya gunia, nami nikatembea ubavuni nimekishika mpaka Kongowea. Mwadime alikuwa ameshawasha injini. Aliangalia saa, akaniangalia mimi, akashuka kusaidia kupakia.

Nimesafiri miaka mingi nikirudi na hadithi za watu wa mbali: wanavyosalimiana, wanavyopika, wanavyozika. Kumbe nilikwenda mpaka Likoni ndipo mama wa watu aniulize habari za mtu ninayekunywa naye chai kila asubuhi, nami nisijue. Hilo ndilo nililojifunza, na barabarani kurudi halikunipa raha. Hata cherehani sikuwa na hakika nayo. Kuisukuma kwa ngumi za kujikunja mwenyewe si sawa na kuisukuma kwa ngumi zisizofunguka.

Siku ya pili yake tuliifunga kwenye chumba cha mbele. Wakesho aliweka mikono juu ya vishikio, wazi, mbele yangu, kwa mara ya kwanza nikaviona vile vidole. Akawasha. Mstari wa kwanza ulikwenda kombo kama njia ya mbuzi, na uso wake ukabadilika. Wa pili ulitetemeka mwanzo, ukatulia mwisho. Katikati ya wa tatu niliinama kuangalia.

"Dada," akasema bila kuinua macho, "sogea huko. Wanizibia mwanga."