Kanga Aliyebaki na Kifuniko

Siku risasi zilipolia karibu na mji wa Baraka, Kongo, Marguerite alikuwa jikoni anapika sombe, kisamvu cha kwao. Alimtupa mtoto mgongoni, akanyakua kitu cha kwanza mkono ulichokigusa, akakimbia. Alipopata akili ya kutazama alichoshika, tayari boti ilikuwa katikati ya Ziwa Tanganyika. Kifuniko. Sufuria ilibaki mekoni na sombe yake. Wenzake waliokuwa wamebeba magodoro na vyeti vya shule walimcheka mpaka boti ikayumba, naye akacheka nao, maana kulia kungemchosha bure.

Kifuniko hicho kilivuka Tanzania, kikaingia Malawi, kikafika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Hakikuenea kwenye sufuria hata moja waliyogawiwa. Kila jioni Carelle, bintiye wa miaka minne, aliuliza swali lile lile: "Mama, na sufuria?" Humwambii mtoto wa miaka minne kwamba ulichokiacha hukirudii. Basi Marguerite akatunga kisa cha Kanga, yule ndege wa madoa, mkali kama pilipili, aliyekimbia moto wa pori na kifuniko kichwani. Tangu siku hiyo Kanga anapiga hodi mlango kwa mlango, anajaribisha kifuniko chake kwenye sufuria za watu, na hakienei popote. Kila anapofukuzwa hujikung'uta vumbi na kusema, "Njo vile. Tuendelee."

Nimesema alitunga, na hilo nalisema mimi. Marguerite mwenyewe asingelitamka hata ungembana kwa koleo. Kwao, msimulizi anayesema "hii ni yangu" ni mtu wa majivuno, na mwenye majivuno hapewi hata kigoda cha kukalia. Adabu ni kuanza hivi: "Hadithi haina mwenyewe. Mi niliikuta, nakuachia." Mama yake alimfundisha hivyo, naye akawafundisha watoto wa mtaa waliojazana kibarazani kwake akishafunika cherehani. Akisema tu "Hadithi," wao wanaitikia kwa pamoja, "haina mwenyewe."

Sylvain Ntirampeba, kijana Mrundi wa kambini, aliisikia siku alipoleta suruali abadilishiwe zipu. Alikuwa anajifundisha kuchora katuni kwenye kompyuta yenye kioo kilichopasuka. Zipu ilikwisha, suruali ikakunjwa, yeye bado amekaa. Kabla hajaondoka aliomba akione kile kifuniko, akakigeuza geuza, akakichora pamoja na pale kilipobonyea pembeni. Wiki iliyofuata alirudi na Kanga anayetembea. Akamfunika Marguerite mablanketi mawili ili sauti isichanganyike na kelele za majirani, na humo ndani, jasho likimtiririka, akampa Kanga sauti. Aliongea kama marehemu mama yake, pua juu, maneno ya kwao Fizi matupu.

Katuni ile ilipita simu hadi simu kama umbea. Kambi nzima ikawa inasema "njo vile, tuendelee", wakiwemo Wamalawi wasiojua neno lingine la Kiswahili. Sylvain na mwenzake Raïssa, msichana wa Uvira, wakafungua studio na kuiita Madoa. Vipande kumi vikawa thelathini, studio ikahamia Lilongwe, na Marguerite akawa anaomba ruhusa ya kutoka kambini, anashuka kwa minibasi, anamwongelesha Kanga mbele ya kipaza sauti cha kweli, anarudi kwenye cherehani yake. Hakutaka makuu. Alitaka sauti ya mama yake isife, na kila alipoisikia ikitoka kwenye simu ya mpita njia, alijua haijafa.

Kisha kampuni kubwa ya burudani kutoka ng'ambo ikataka kuinunua Madoa, yote, meza na madoa yake.

Walimwita kwenye ofisi moja City Centre, Lilongwe, baridi ya mashine mpaka akajuta kuacha kitenge cha pili. Mwanasheria wao alikuwa na karatasi na kinasa sauti. Raïssa ndiye aliyekuwa mkalimani, Sylvain amekaa kando yake.

"Mama Carelle, banauliza: hii hadithi iko ya nani? Nani aliitunga?"

Marguerite akatabasamu. Wageni wa heshima, wamevuka bahari. Kama kulikuwa na mahali pa kuonyesha kwamba alilelewa na watu, ni hapo.

"Hadithi haina mwenyewe," alisema. "Iko ya bazee. Mi niliikuta tu."

"Hata hiyo ya kifuniko?"

"Hata hiyo iko ya bazee. Mi niliikuta tu."

Mwanasheria akauliza mara ya tatu. Marguerite aliona anapimwa kama ataingiwa na kiburi, akajibu mara ya tatu vile vile, kwa unyenyekevu zaidi. Sylvain, ambaye kifuniko alikishika kwa mikono yake, aliitazama meza. Wakampa kalamu, akasaini. Mtu wa kambini akiletewa karatasi na kalamu hasomi, anasaini, kwa sababu asiyesaini hapati sabuni. Akapeana mikono na kila mtu. Mdomo uliponza kichwa, na kichwa chenyewe kilitoka pale kimeinuliwa.

Mabosi wapya walikuwa wanatengeneza filamu ya Kanga, na walitaka Kiswahili cha kueleweka kila mahali. Wakamwita kwenye jaribio, wakampa karatasi: "Ndiyo hivyo. Twende mbele." Alisoma mara kumi na moja. Mara zote kumi na moja Kanga alitoka na "njo vile". Fundi wa sauti, Mmalawi mpole, akazima mashine, akasema, "Zikomo, amayi," yaani asante mama, bila kumtazama. Sauti akapewa dada mmoja wa mbali, mwenye Kiswahili kilichonyooka.

Filamu ilipotoka, Carelle, sasa binti wa miaka kumi na sita, aliitazama kwenye simu mpaka majina ya mwisho. Yalikuwa mengi: wapishi walikuwemo, madereva walikuwemo. La mama yake halikuwemo. Mahali pa mtunzi paliandikwa: kisa cha jadi cha Afrika.

"Mama, mbona haukubaambia?" alisema, machozi yakimlenga. "Ile sufuria ilikuwa yetu."

Marguerite hakulala vizuri wiki nzima kwa hasira, na hasira nyingi zilikuwa juu yake mwenyewe. Akaomba ruhusa tena, akashuka Lilongwe. Sylvain alikuwa na kitambulisho cha kampuni kinachoning'inia shingoni. Alimkaribisha soda, akamsikiliza, kisha akafungua kompyuta yake mpya isiyo na ufa.

"Mama Carelle, mi sina la kufanya. Njo we mwenyewe ulisema. Bali-enregistrer, sauti yako iko humu."

Akabonyeza. Sauti ikatoka safi, pua juu, ile ile ya marehemu mama yake: "Iko ya bazee. Mi niliikuta tu." Mara tatu. Marguerite aliikunja risiti ya minibasi mpaka ikawa punje. Ile sauti aliyoihangaikia miaka yote ilikuwa imebaki mahali pamoja tu katika kampuni nzima, kwenye faili la wanasheria, ikitoa ushahidi dhidi yake.

"Ulikiona kifuniko," alimwambia Sylvain.

"Nilikiona," alisema Sylvain, na soda ikaisha gesi mezani.

Mwezi uliofuata kampuni ilileta filamu Dzaleka, ukumbi ukafurika, na kila mtoto akapewa kifuniko cha plastiki chenye sura ya Kanga. Malaika, binti wa jirani, miaka saba, alikuja nacho moja kwa moja kibarazani kwa Marguerite. Akachungulia jikoni, akaona kile cha bati, kimekaa upande juu ya sufuria ya nsima, ugali wa Malawi.

"Mama Carelle, yako haina picha," alisema. "Iko ya bandia."

Marguerite akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Malaika, sikia. Hii hadithi ni mi niliitunga. Mi mwenyewe. Hakuna mzee aliniambia."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani kulisema. Lilimtoka kwa shida, na aibu ikampanda hadi masikioni.

Malaika alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu mzima aliyeanza kusahau. Akamshika mkono.

"Hapana, Mama Carelle. Hadithi haina mwenyewe. Njo we ulitufundisha."