Atupele, Tangazo Lako Limetufikia Umeshazikwa

Bado natafuta pa kuiweka habari hii. Atupele wetu amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, amezikwa kwao Chimala, na mimi nimejua jana tu, nikiwa hapa Iringa.

Msinijibu kwamba tangazo lilitolewa. Najua lilitolewa. Liliwekwa kwenye grupu letu asubuhi ya msiba. Juu yake watu walikuwa wanabishana kama tuhamie Telegram, na chini yake wakaendelea kubishana. Mmoja akaweka dole gumba. Naomba iwe hakusoma.

Kwa wasiotufahamu, nieleze kidogo. Sisi ni watu wachache wa Mbeya na Iringa tunaotengeneza programu ya simu ya kuandikia mpunga unaoingia kwenye maghala ya vyama vya wakulima. Ni programu huria, yaani yeyote anaichukua bure, anaifungua, anairekebisha. Haina bosi. Uzuri wake ndio huo, na ugonjwa wake ndio huo huo.

Atupele ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya programu. Mimi, mwalimu mstaafu wa hesabu, naandika maelekezo.

Siku ya kwanza kukutana, Mbeya mjini, alinisalimu kwa Kihehe chenye lafudhi nzito ya Kinyakyusa. "Kamwene, Mwalimu. Nimesoma maelekezo yako. Ni marefu kama mahubiri ya Pasaka."

Nikamwambia mahubiri ya Pasaka yana mwisho mzuri. Akacheka mpaka mhudumu akageuka.

Msimu uliopita tuligundua kosa kwenye programu. Mtandao ukikatika wakati wa kupokea mzigo, gunia moja linaandikwa mara mbili. Atupele alilirekebisha siku hiyo hiyo. Kilichobaki kilikuwa kuwaambia watu wasasishe.

Tukawaambia kila mahali. Mmoja aliandika kwenye grupu, mwingine kwenye ukurasa wake, mwingine akatuma barua pepe, mwingine akaitaja kikaoni. Kila mmoja kwa maneno yake, na kila mmoja akiamini mwenzake amefika Chimala. Hakuna aliyefika Chimala.

Huko mtunza ghala ni mjomba wake Atupele. Simu ilionyesha magunia mengi kuliko yaliyokuwa ghalani. Mzee wa watu akaitwa mwizi mbele ya mkutano mzima.

Atupele alipanda basi, akasimama mbele ya mkutano uleule na kuwaonyesha kosa kwenye simu. Walimwomba mjomba radhi. Funguo za ghala hakuzipokea tena.

Tangu hapo alitaka kitu kimoja: tangazo la mradi liwe na mahali pamoja, liandikwe na mtu mmoja, na kila katibu wa chama ajibu kwamba amesikia. Kwingine kote tuelekeze kidole tu, kwamba tangazo liko kule.

Wazo hilo hakulitoa hewani. Yeye ndiye aliyekuwa akisoma matangazo kwenye usharika wake. Mnajua ilivyo: mwisho wa ibada, msomaji mmoja, na hakuna anayetoka. Alikuwa akimaliza kwa kusema, "Kama hukusikia, muulize jirani. Kama jirani naye hakusikia, basi mimi sijasoma."

Nasi tukafanya nini? Tukajadili. Kijana mmoja wa Mbeya akamwambia, "Dada, siku hizi watu wako kwenye chaneli. Wewe unataka kuturudisha kwenye ubao wa kijiji."

"Ubao wa kijiji mjomba anajua ulipo," akajibu. "Chaneli yako anaijua?"

Tulicheka, kisha tukaunda kamati. Kamati ikatoa mapendekezo, na tangazo la mapendekezo hayo nusu yetu hatukuliona. Ningekuwa natunga kichekesho ningeona nimezidisha.

Alinipigia baada ya kikao hicho. "Mwalimu, hawa watu hawabishani kuhusu matangazo. Kila mtu anataka kusoma yeye."

Sasa nasikia tumeanza kubishana upya: nani alipaswa kutujulisha msiba, na kupitia wapi. Jamani. Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokomea.

Ukurasa wa matangazo aliutengeneza mwenyewe ndani ya programu, ukakaa mtupu ukisubiri tukubaliane. Mimi ninayo ruhusa ya kuandika humo. Leo asubuhi nimeandika: "Tangazo. Linawahusu wote wanaotumia programu hii na wote wanaoitengeneza. Atupele amefariki na amezikwa Chimala. Makatibu, jibuni kama mmesikia." Asiyependa njia hii aje anitoe.

Haya mnayosoma hapa ni kidole tu. Tangazo lenyewe liko kule.

Atupele, mwanangu, chama cha Makongolosi wamejibu. Iringa wamejibu. Yule kijana wa chaneli naye amejibu, neno moja tu, bila mbwembwe.

Lakini wa kwanza kabisa alikuwa mjomba wako. Si katibu, si mtunza ghala tena, na kaburi lako alikuwepo likifukiwa. Hakuwa na sababu ya kujibu isipokuwa kwamba wewe ndivyo ulivyotaka. Aliandika, "Nimesikia, Mwalimu. Nitawaambia na majirani."

Basi tangazo limesomwa, binti yangu. Pumzika sasa, ulale salama.