Kifuniko cha Soda na Meza Ndefu

Kifuniko chenyewe ni cha chupa ya soda. Mama alikiokota siku ya kipaimara changu, wageni walipokwisha kuondoka, akakiosha na kukitia kwenye kopo la dirishani pamoja na sindano na vifungo. Tangu hapo ndicho kipimo cha mbolea katika shamba letu la Mshangano. Shina moja la mahindi, kifuniko kimoja. Unachota, unapitisha kidole gumba juu, ziada inarudi kwenye bakuli. Watu wengi Songea wanapima hivyo hivyo, kila nyumba na kifuniko chake, ila mama anaamini cha kwake kina baraka kwa sababu siku ile askofu alikuwa ametupaka mafuta. Usibishane naye. Mimi nilishajaribu, nikaacha.

Mimi ni mwalimu wa Uraia, sekondari. Kwa miaka mingi nilifundisha uhusiano wa kimataifa bila hata kutoa jasho. Naandika ubaoni kwamba baina ya mataifa uchumi na nguvu za kisiasa havitengani, wanafunzi wananakili, kengele inalia, tunakwenda kunywa chai. Niliamini niliyoyaandika, lakini kwa namna ile mtu anavyoamini kwamba dunia ni duara. Hayakuwahi kunikosesha usingizi.

Sasa lazima nieleze habari ya unga. Baba alipofariki, wakubwa wa ukoo walikaa wakasema mwanamke peke yake hataliweza shamba, afadhali ligawanywe. Mama hakubishana nao. Alisema tu kwamba siku watakapoona unga wa dukani umeingia nyumbani kwake, ndipo waje kuligawa. Akalima. Mwaka hadi mwaka alikula mahindi yake mwenyewe, akatulisha, akanisomesha. Unga wa dukani aliuona ni chakula cha watu wa mjini kama mimi ninayekaa Ruhuwiko, na akija kwangu akiukuta mezani anaula kwa heshima, kama mtu anayetembelea wagonjwa.

Msimu ule alipandia mbolea iliyobaki ya mwaka uliotangulia. Mahindi yalitoka vizuri mpaka ukipita unajisikia kuyasalimia. Mwisho wa Januari yakawa yamefika magotini, wakati wa mbolea ya kukuzia. Nikaenda mjini kuulizia bei, na nusura nigombane na mwenye duka. Hela iliyokuwa ikinunua mifuko miwili sasa ilinunua mmoja, tena chenji hakuna. Nilimwambia ana roho mbaya. Yule baba, mtu mpole wa Tunduru, hakukasirika. Alinivutia kiti, akanieleza kwamba mbolea ya kukuzia hutengenezwa kwa gesi, na gesi huko Ulaya imepanda bei kwa sababu wakubwa wananuniana. Wachina nao wamebana mbolea yao isitoke nje ovyo, wakulima wao washibe kwanza. Alisema yeye anapokea tu, wallahi, na hata yeye ana shamba.

Nilitoka pale nikasimama kando ya barabara, bodaboda wananiita abiria, siwajibu. Jamani. Mtu ambaye hajui kama Mshangano ipo amekunja uso wake huko aliko, na mkunjo ule umesafiri umefika mpaka kwenye kifuniko cha mama. Nilikuwa nimeyaandika ubaoni mara ngapi? Siku ile ndiyo nikayaelewa, nikasisimka mwili mzima.

Mama yeye hakusisimka. Alikuwa na nguruwe jike mwenye mimba, akasema atamuuza kesho yake, anunue mbolea, yaishe. Na hapo ndipo kimbelembele changu kilipoanza. Nilikuwa nimeona kwenye simu picha ya marais wawili, wa Urusi na mwenzake wa Ulaya, wanazungumza, wamekaa kwenye meza nyeupe, ndefu kuliko darasa langu, mmoja mwanzo na mwingine mwisho. Nikamwambia mama asimuuze nguruwe. Wakubwa wameshaanza kukaa mezani, wakipatana gesi itashuka, gesi ikishuka mbolea itashuka, angoje wiki mbili tu. Nilimweleza kwa mpangilio mzuri kabisa, kama niko mbele ya mkaguzi.

Mama aliyaangalia mahindi yake, kisha akaniangalia mimi.

“Mahindi hayajui kungoja, mwanangu. Lakini wewe ndiye uliyesoma.”

Basi akangoja. Namjua mama, hangoji mtu. Hata padri akichelewa misa ananung'unika. Alingoja kwa sababu aliuza kuku na maharage ili mimi nisome, na sasa kusoma kwenyewe kulikuwa kumefungua mdomo na kusema kitu.

Wiki mbili zikapita, ya tatu ikaingia. Asubuhi moja tuko kwenye ofisi ya walimu, mwenzetu akapaza sauti ya simu yake: Urusi imeingia Ukraine, mabomu yanapigwa. Walimu wa kiume wakaanza kubishana nani atashinda, kama mpira. Mimi niliomba ruhusa nikapanda bodaboda mpaka Mshangano. Nilimkuta mama katikati ya shamba, ameshika jani la chini. Lilikuwa limeanza kuwa njano kutoka nchani, na njano ile ilikuwa inarudi nyuma kufuata mshipa wa kati, taratibu. Shamba zima lilikuwa hivyo. Nikamwambia kuna vita. Akauliza wapi. Nikamwambia. Akauliza kama ni mbali kuliko Dar es Salaam, nikasema ni mbali sana, ng'ambo ya bahari na zaidi. Akaliachia lile jani.

Alimuuza nguruwe wiki hiyo hiyo, na kwa kuwa bei ilikuwa imeruka tena, hakuweza kufikisha hata mfuko. Akapimiwa kwa kilo. Tukapita shambani mimi na yeye, yeye na kifuniko, mimi nafukia kwa mguu, na kwa mara ya kwanza nikamwona anachota nusu. Hakupitisha kidole gumba, kwa sababu hapakuwa na ziada ya kurudisha. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Ningefurahi angenitukana.

Tulivuna mahindi yenye vichwa vifupi, punje zimeachana kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Mama aliyapanga magunia kwenye kona, yakaonekana machache mno kwa kona ile.

Katika miezi hiyo barabara ya Mbinga inayopita Ruhuwiko ilibadilika. Malori ya makaa ya mawe yalikuwepo tangu zamani, lakini sasa yalifuatana kama siafu, asubuhi mpaka jioni, turubai juu, vumbi jeusi likibaki kwenye majani ya ndizi zangu. Nguo nilizoanika zilirudi ndani na kazi mpya. Jumapili moja baada ya misa mama alikuja kunitembelea, tukakaa mlangoni tunaangalia. Jirani yangu anayewauzia chai madereva alikuwa amenipa habari yote, nami nikamsimulia mama: makaa yanakwenda bandarini Mtwara, yanapakiwa melini, mengine yanafika Ulaya, kwa kuwa gesi ya Urusi imekuwa shida na baridi yao inakuja.

Malori matano yakapita mbele ya mama. Aliyahesabu kwa vidole.

“Kwa hiyo huko wataota moto wa kwetu?”

Nikasema ndiyo.

“Na mbolea yetu ilipotelea huko huko?”

Nikasema, kwa namna fulani, ndiyo.

Akacheka kidogo, akajifunika kanga vizuri mabegani kama aliyesikia hiyo baridi. Kisha akawaombea bibi wa huko, wale wazee kama yeye, wasife kwa baridi. Kweli aliwaombea, pale pale, na ishara ya msalaba. Niliwaza kilima kinachochimbwa upande wa Mbinga na jiko la bibi nisiyemjua, na mama yangu amekaa katikati yao na kona yake ya magunia. Niliona ukubwa wa jambo lile nikaogopa, na bado nilitaka kuendelea kuliangalia. Malori yakaendelea kupita, tukanywa chai.

Novemba nilikwenda Mshangano bila kutoa taarifa. Nilimkuta anakula mihogo. Siku ya pili pia mihogo. Siku ya tatu nikafika pale kwenye kona, nikagusa gunia la mwisho, likalala chini. Alikuwa amenificha mwezi mzima kwamba mahindi yamekwisha. Nikarudi mjini nikanunua unga, nikauleta jioni ndani ya mkoba wa shule ili majirani wasiuone, na nikauweka mezani nikiwa nimeinamisha uso.

Mama alisonga ugali. Tukala na dagaa wa Nyasa. Hakuula kama mtu anayetembelea wagonjwa safari hii. Aliula kama mtu mwenye njaa. Nikamwambia, mama, nisamehe, mimi ndiye niliyeuingiza huu unga humu ndani. Machozi yalikuwa yananitoka, sikuyafuta.

Akasema nile, ugali unapoa.

Wakati huo serikali ilikuwa imeingiza mkono, mbolea ya ruzuku imeletwa, na mama alikuwa amejiandikisha. Bei ilikuwa na nafuu ingawa bado ilikuwa inauma. Redioni walikuwa wanasema wakubwa wamepatana kuhusu meli za nafaka na mbolea kupita baharini, huenda mambo yakazidi kulegea. Nilisikia mdomo wangu unafunguka wenyewe. Nilikuwa nataka kusema labda baada ya wiki mbili.

Mama aliinuka kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Alikwenda dirishani, akafungua kopo, akachambua sindano na vifungo, akakitoa kifuniko na kukiweka karibu na sahani yangu. Alisema kesho alfajiri tunakwenda kuchukua mbolea inayopatikana, hata ikitosha nusu ya shamba, hiyo nusu itapata kifuniko kilichojaa, na nusu nyingine tutapanda maharage.

“Wao wana meza yao,” akasema. “Mwaka huu tusiwangoje.”