Mkalimani wa Wodini

Mimi si mtu wa kukaa. Hata sasa, nikiandika haya, nimeshainuka mara kadhaa kwenda kuangalia kama geti limefungwa, na najua limefungwa. Wanafunzi wangu wa udaktari wamenipa jina la utani ambalo wanadhani silijui, na maana yake ni mtu anayeaga. Hawajakosea. Nafundisha nimesimama, nakula nimesimama, na kwa mama yangu, huku juu Lushoto, kwa miaka mingi nilikuwa mgeni wa kikombe kimoja cha chai, ufunguo wa gari mkononi.

Kazi ya kufundisha madaktari ina ngazi zake, na mtu akishaanza kuzipanda haoni pa kupumzikia. Unaanza mhadhiri msaidizi, unakuwa mhadhiri, halafu mhadhiri mwandamizi, halafu profesa mshiriki, na huko mbele kuna uprofesa wenyewe. Kila ngazi inataka tafiti zilizochapishwa, wanafunzi uliowasimamia, na watu wa kushuhudia kwamba unajua kufundisha. Kila nilipofika ngazi moja nilijiambia, sasa nitapanda milimani nikae na mama wiki nzima. Sikukaa. Majirani zake walikuwa wakinisalimia na kuniuliza, bila ubaya wowote, "Bado hujamaliza kusoma tu?" Nilicheka mbele yao, lakini swali hilo lilinikera kona zote za kushukia Mombo, mpaka naingia barabara kuu.

Mama yangu ana moyo wenye hitilafu, na moyo huo ndio ulionifanya niwe daktari wa moyo. Utotoni aliugua koo mara kwa mara, baadaye viungo vikamvimba, na ugonjwa ule ukaacha kovu kwenye mlango mmoja wa moyo, ule tunaouita vali. Mlango huo umekakamaa, haufunguki sawasawa, na ukimsikiliza kifuani unasikia damu ikipita kwa taabu. Nilipokuwa mwanafunzi, likizo moja nilipanda na kifaa changu kipya cha kusikilizia, nikamsikiliza kila mtu pale nyumbani hadi wageni, na kwa mama peke yake nikasikia kitu. Nilifurahi kwanza, kwa sababu nilikuwa nimekisoma kitabuni. Kisha nikaogopa, na hofu ile haijaniacha hadi leo.

Miaka miwili kabla ya siku ninayoisimulia, nilimshusha mjini akapimwa vizuri. Wenzangu wakasema, mlango huu siku moja utahitaji kutanuliwa, lakini bado. Tusubiri. Akianza kuhema akitembea, au akishindwa kulala chali, mleteni upesi, hapo si pa kuchelewa.

Basi maisha yetu, mimi na mama, yakawa yamebebwa na swali moja. Mama, unahema? Nilimuuliza kwa simu kila nilipopata upenyo, nikamuuliza kila nilipopanda. Jibu lake halikubadilika. "Mimi mzima. Kabichi namwagilia mwenyewe. Haya, vocha itaisha." Anakata. Nilikuwa na wasiwasi, lakini kila nilipofika nilimkuta ameketi barazani, miguu peku, anacheka, ametulia kabisa. Nikisema twende tukapime tena, anakuja juu. "Nikakae mjini nimtazame nani? Kanisa langu liko hapa, ng'ombe wangu yuko hapa." Mama yangu akishasema hivyo, hata mchungaji hamwezi.

Mwaka ule chuo kilileta wanafunzi Lushoto wajifunze kazi ya hospitali za wilayani, nami nikawa msimamizi wao. Wakati huohuo jina langu lilikuwa limepelekwa mbele kwa ajili ya uprofesa. Kilichobaki ni mkubwa mmoja kuja kunitazama nikifundisha wodini. Akaja Alhamisi. Alikuwa profesa mzee kutoka mkoa mwingine, mpole, mtu wa kuandika kuliko kusema, na alikaa kwenye kiti cha pembeni akiwa na kalamu tayari.

Nilikuwa nimemwandaa mgonjwa wa moyo, mkulima mmoja wa karoti, amekubali vizuri tu tangu jana yake. Asubuhi naingia wodini, kitanda kitupu. Muuguzi mkuu akaniambia, akijizuia kucheka, "Leo siku ya soko, daktari. Kasema soko likiisha atarudi." Nikatoka nje kwenye veranda nikaanza kuzunguka. Miaka yote ya kuhangaika, safari, karatasi nilizokesha nazo, na sasa mtu wa karoti.

Hapo ndipo mama akatokea, ameteremka kwenye bodaboda, ameniletea viazi na maharage kwenye hotipoti kwa sababu anaamini hospitalini hakuna chakula.

"Una nini wewe, unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga?"

"Shikamoo mama. Mgonjwa wangu kakimbilia sokoni. Na mgeni yuko ndani ananisubiri."

"Marahaba. Alikuwa anaumwa nini?"

"Moyo."

Akaiweka hotipoti chini. "Mimi si nina moyo?"

Nikamwambia haiwezekani, si utaratibu, siwezi kumfundishia mama yangu mwenyewe. Akanitazama jinsi alivyokuwa akinitazama nilipokataa kuoga. "Sasa utamwonyesha mgeni wa watu kitanda? Nipeleke. Ila usiwaambie mimi ni nani, watoto wataogopa kuniuliza." Muuguzi mkuu, ambaye anatujua sote, alikuwa amesikia kila kitu. Akaiokota hotipoti, akamshika mama mkono na kumpeleka kwenye kitanda cha dirishani, taratibu mno, nami kwa haraka yangu nikawa nimeshatangulia ndani.

Kijana aliyekuwa na zamu ya kumhoji mgonjwa siku ile ndiye niliyekuwa na hofu naye kuliko wote. Ametoka Zirai, upande wa Muheza, mzito wa maneno, na salamu zake zilikuwa ndefu hadi wenzake wanaangalia simu. Nilishamwambia mara nyingi, kijana, hospitali ina foleni. Akavuta kiti, akakaa karibu na kitanda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Akauliza za nyumbani. Akauliza mvua zimekuwaje huko, kabichi zimeshika, ng'ombe anatoa maziwa. Mimi mguu unanicheza ndani ya kiatu. Profesa mzee anaandika, sijui anaandika nini. Hatimaye kijana akafika penyewe. "Bibi, unapata shida ya kuhema?"

"Sina shida yoyote," mama akasema, akinitazama mimi.

Kijana hakuandika. Alikuwa ameshatambua lafudhi, akainama kidogo na kumuuliza tena kwa Kishambaa, lugha ya kwao wote wawili. Uso wa mama ukalegea. Wanafunzi wengine wakatazamana, maana hawakuambulia kitu.

Nina kanuni yangu ya wodini. Anayemhoji mgonjwa hatafsiri, atachanganya kazi mbili na kuziharibu zote. Atafsiri mwingine anayeijua lugha, na mkalimani hana neno lake mwenyewe. Mgonjwa akisema "mimi", nawe unasema "mimi". Huongezi, hupunguzi. Kanuni hiyo nimewakaririsha mpaka wanaiigiza kwa sauti yangu bwenini. Na siku ile, kati yetu tuliokizunguka kitanda, aliyekijua Kishambaa, ukimwacha kijana mwenyewe, nilikuwa mimi. Nikasimama upande wa pili wa kitanda.

"Bibi," kijana akasema kwa Kishambaa, nami nikafuatisha kwa Kiswahili, "leo napimwa. Nikiandika majibu yasiyo ya kweli, nitaanguka. Naomba unisaidie."

"Utaanguka kweli?" mama akauliza.

"Nitaanguka, bibi. Na mwalimu wetu ni mkali."

Nikatafsiri na hilo, kanuni ni kanuni, na wodi nzima ikacheka. Mama hakucheka. Alikuwa anamtazama yule kijana, kola ya shati iliyochakaa, kalamu inayosubiri juu ya karatasi. Namjua mama yangu. Anaweza kumdanganya daktari mwaka mzima bila kupepesa jicho, lakini mtoto wa watu afeli mtihani kwa sababu yake, hilo hawezi. Ameuza mbuzi wake mwenyewe ili watoto wa wengine wasirudishwe nyumbani kwa kukosa ada.

"Andika," akamwambia. Akaanza.

"Silali chali," nikatafsiri. "Naweka mito miwili na gunia la mahindi nyuma yake, naegemea mpaka kunakucha."

Kijana akaandika taratibu. Akauliza tangu lini.

"Tangu masika yaliyopita. Kabichi simwagilii tena, ananimwagilia jirani. Kanisani nimehamia ibada ya kwanza. Saa zile ukungu umeshika, hakuna anayeniona nikisimama kila tuta kutafuta pumzi."

Nilikuwa nasema kwa sauti ya darasani, ile iliyonyooka, na huku ndani nimekasirika hivi kwamba nilitaka kumshika mabega na kumtikisa. Masika yaliyopita! Nimempigia simu mara ngapi tangu masika? Kijana akauliza kama akizungumza pia anachoka.

"Nikizungumza sana pumzi inakata. Mwanangu akipiga simu, namwambia vocha itaisha."

Wanafunzi walikuwa wanaandika. Kwao huyu alikuwa bibi mmoja wa Lushoto mwenye mwanawe mahali fulani.

"Na mwanao akija kukuona, haoni?" kijana akauliza.

Mama akanyoosha shuka magotini. "Akisema anakuja," nikatafsiri, "natoka mapema nakaa barazani. Navua viatu, natulia, pumzi inarudi kabla gari halijafika. Halafu yeye hakai muda mrefu. Ana haraka."

Dirishani ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Nilitazama huko kwa sababu sikuwa na pengine pa kutazama. Nilikuwa na hasira naye, na hasira na miguu yangu inayojua kuondoka tu, na nilimpenda.

Kijana akasita. Swali lililofuata halikuwa kwenye orodha niliyowafundisha. "Bibi, kwa nini humwambii?"

Mama akajibu kwa sauti ya chini, kwa Kishambaa cha nyumbani, kile anachotumia jikoni. Kijana akaacha kuandika. Wanafunzi wakageuza nyuso kwangu wakisubiri. Profesa mzee akainua macho kutoka kwenye karatasi zake, naye akasubiri. Pale kitandani tuliokuwa tumesikia na kuelewa ni watatu tu, na mimi mkalimani ningeweza kusema chochote nikaaminika. Ningeweza kusema hajui kwa nini. Somo lingeisha vizuri, na mgeni angeandika vizuri.

"Mwanangu anapanda cheo," nikasema. "Amebakiza hatua ndogo. Nikimwambia naumwa, ataacha yote arudi. Akishafika huko juu, nitamwambia."

Sauti ilinitoka yote, sijui ilitoka wapi. Msichana mmoja wa mbele akasema "Jamani" kwa upole, kisha akaandika. Kijana wa Zirai alikuwa anamtazama mama, akanitazama mimi, akarudi kwa mama, akatazama pua zetu, akatazama mapaji yetu. Nikaona ameelewa.

Nikajikaza. Nikawaambia wanafunzi, haya, historia tumeipata, sasa tuendelee na kupima, nani atasikiliza kifua?

"Mwalimu," mama akaniita. Kwa Kiswahili, tena Kiswahili safi cha kuuzia mboga kwa watu wa Tanga. "Umeacha neno."

"Neno gani?"

"Nilisema jambo mwishoni. Hukuwaambia."

Ni kweli alikuwa amelisema, baada ya yale mengine, karibu kwa mnong'ono, na nilikuwa nimelisikia vizuri. Nilikuwa nimelimeza. Alikaa ameegemea mito ya hospitali, mabega yanapanda na kushuka, na kwa mara ya kwanza tangu masika yale hakujaribu kuyazuia. Mbele yangu. Alikuwa ananingoja nilitamke, na nikajua nikishalitamka atakubali gari, atakubali mji, atamwacha ng'ombe kwa jirani.

Wanafunzi walikuwa wametulia, kalamu juu. Nikautoa ufunguo wa gari mfukoni mwa koti, nikauweka kwenye kabati la kando ya kitanda, karibu na hotipoti. Kanuni yangu nikaivunja palepale, mbele ya wale niliowakaririsha na mbele ya mtu aliyekuja kunipima.

"Mama yangu anasema amechoka," nikawaambia.

Kijana wa Zirai akainuka, akanisogezea kiti chake. Nikakaa.